Maumivu ya Mwili Mzima: Kwa Nini Wanaume Wengi Hawajui Wana Fibromialjia

Chukua mfano wa mwanamume wa miaka 40 anayepakia magunia ya mahindi hapa Eldoret. Alianza kuumwa mgongo, kisha mabega, nyonga na mapaja. Akiamka asubuhi anahisi kana kwamba hakulala. Duka la dawa likampa vidonge vya maumivu. Mwezi uliofuata alipimwa damu, akaambiwa ana brusela. Baadaye akaambiwa ni taifodi. Mwaka umepita, amemeza dawa zote hizo, maumivu yako palepale, na nyumbani wameanza kunong'ona kwamba amekuwa mvivu.

Huenda mtu kama huyu ana fibromialjia. Ni ugonjwa unaofanya ubongo na mishipa ya fahamu kuhisi maumivu kupita kiasi, mfano wa mlinzi wa usiku anayepuliza firimbi hata paka akipita. Maumivu huenea mwilini kwa miezi 3 au zaidi, pamoja na uchovu, usingizi usioburudisha na kusahausahau. Viungo havivimbi wala haviharibiki. Picha ya eksirei hutoka safi, na hakuna kipimo cha damu kinachouonyesha. Hapo ndipo mgonjwa huambiwa hana kitu, ilhali anaumwa kweli.

Inakadiriwa kuwa watu 2 hadi 4 katika kila 100 duniani wanao, na kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa wanawake. Sababu moja ni jinsi ulivyokuwa ukipimwa. Vigezo vilivyotolewa Marekani mwaka 1990 vilimtaka daktari abonyeze sehemu 18 za mwili kwa nguvu ya kilo 4 hivi, na mgonjwa aumie katika sehemu zisizopungua 11. Kwa kawaida wanaume huhisi maumivu kidogo zaidi wanapobonyezwa, kwa hiyo wengi hawakufikisha idadi hiyo hata kama walikuwa hawalali kwa maumivu. Mwaka 2010 vilitolewa vigezo vipya visivyohitaji kubonyezwa: daktari huuliza ni wapi panauma, na hali ya uchovu, usingizi na kumbukumbu ikoje. Tangu hapo pengo kati ya wanaume na wanawake limepungua sana katika tafiti nyingi. Wanaume hao walikuwepo tangu zamani, ila hawakuhesabiwa.

Sababu ya pili tunaifahamu wenyewe. Mwanamume akifika kliniki husema "mgongo" tu, kwa kuwa mgongo ni ugonjwa wa kazi na hauna aibu. Hataji kwamba hulala saa 8 na kuamka amechoka, wala kwamba amesahau alichotumwa sokoni. Daktari naye hutibu alichoambiwa.

Ya tatu ni brusela. Ugonjwa huu upo kweli katika maeneo ya wafugaji, na maziwa ni lazima yachemshwe. Lakini utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kipimo cha haraka kilichokuwa kikitumika hospitalini kiliwapa majibu ya brusela watu wengi wasiokuwa nayo. Ukiwa umetibiwa brusela au taifodi mara mbili au tatu na hujapona, usikubali dozi ya nne kabla ya kumwuliza daktari kama kuna ugonjwa mwingine.

Kabla ya kwenda, andika kwenye karatasi sehemu zote zinazouma, zimeuma kwa muda gani, unalala vipi, na dawa ulizokwisha kumeza. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Huenda ukapimwa damu ili kuangalia magonjwa yanayofanana na huu, kama vile ya tezi ya shingo au baridi yabisi, na ikihitajika upewe rufaa kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi.

Hakuna dawa ya kuumaliza kabisa, lakini nafuu ipo. Kinachosaidia zaidi ni mazoezi yanayoongezwa polepole. Hakuna anayekutaka ukimbie na wanariadha wetu. Kutembea dakika 10 kila siku, kisha 15, ni mwanzo mzuri. Daktari anaweza kukupa amitriptilini kwa kipimo kidogo usiku. Ukisikia kwamba ni dawa ya sonona, usidhani ameona maumivu yako ni ya kufikiria tu: dawa hiyo hutuliza pia mishipa ya fahamu. Diklofenaki na dawa za jamii hiyo hazisaidii sana fibromialjia, na zikimezwa kila siku zinaweza kudhuru tumbo na figo.

Ukiona kiungo kimevimba, homa isiyoisha, unakonda bila sababu, miguu inaishiwa nguvu au huwezi kuzuia mkojo, hizo si dalili za fibromialjia. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo.