Klachi Inayonata Asubuhi ya Baridi, na Jinsi ya Kuchagua Oili ya Pikipiki

Wahudumu wengi wa bodaboda katika Kaunti ya Nyandarua wanaijua hali hii. Ni alfajiri, mitungi ya maziwa imeshafungwa nyuma, na injini inawaka bila shida. Mkono wa klachi unabanwa hadi mwisho, gia namba moja inawekwa, na badala ya pikipiki kutulia, inaruka mbele kwa kishindo au kuzimika papo hapo. Nyutro nayo haipatikani kwa urahisi. Baada ya dakika kumi barabarani kila kitu kinakuwa shwari, na mwenye pikipiki anasahau habari hiyo hadi kesho yake asubuhi.

Si jambo la kupuuzwa. Pikipiki inayoruka mbele stejini inaweza kumgonga mwanafunzi anayevuka au kumwangusha abiria ambaye hajakaa sawasawa. Vilevile, dawa ambayo wengi huikimbilia, yaani kumwaga oili nzito na kutia oili nyepesi ya gari, huondoa tatizo la asubuhi na kuleta jingine lililo baya zaidi mchana, pikipiki ikiwa na mzigo kwenye mwinuko.

Kinachotokea ndani ya klachi

Gari la kawaida lenye gia za mkono lina klachi kavu, na gia zake zina oili yake, mbali na ya injini. Pikipiki nyingi za bodaboda hazikuundwa hivyo. Oili ileile, takriban lita moja tu, hulainisha injini, hulainisha gia na kuogesha klachi. Ndani ya klachi kuna pleti za aina mbili zilizopangwa kwa kupishana: zile zenye vipande vya kushika, na zile za chuma kitupu. Springi huzibana pamoja ili nguvu ya injini ifike kwenye gurudumu. Mkono wa klachi unapobanwa, springi huachia na pleti zinatakiwa kutengana.

Zinatengana kidogo sana, na katikati yake kuna utando wa oili. Oili ikiwa moto, utando huo ni mwepesi na pleti huteleza kila moja upande wake. Oili ikiwa baridi, huwa nzito kama asali. Pleti zilizobanwa na springi usiku kucha hushikana kama vioo viwili vilivyolowa maji vikiwekwa kimoja juu ya kingine. Klachi inakuwa imebanwa kwa mkono, lakini ndani bado inaburuta gia, na gurudumu la nyuma linapokea nguvu ambayo dereva hakukusudia kuipeleka.

Ndiyo maana malalamiko haya husikika zaidi Kinangop, Geta na Ol Kalou kuliko Mwea au Mombasa. Sehemu kubwa ya Nyandarua iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Baridi ya Julai inajulikana, na katika usiku mkavu wa Januari jalidi huweza kuonekana nyeupe kwenye majani ya viazi. Pikipiki iliyolala nje usiku wa namna hiyo huamka na oili iliyo nzito makumi ya mara kuliko itakavyokuwa injini ikishapata moto.

Kabla ya kulaumu oili

Kuna njia rahisi isiyogharimu hata shilingi. Injini ikiwa imezimwa, weka gia namba mbili, bana mkono wa klachi hadi mwisho, kisha sukuma pikipiki mbele na nyuma mara kadhaa. Mwanzoni itakuwa nzito kwa sababu pleti zimeshikana. Zikiachana, pikipiki husukumika kwa wepesi. Hapo rudisha nyutro, washa injini na uiache ingurume polepole kwa dakika moja au mbili, huku ukibana na kuachia klachi mara chache. Unapoingiza gia namba moja kwa mara ya kwanza, shika breki ya mbele. Kuzungusha mafuta kwa fujo ili injini ipate moto haraka hakusaidii; oili baridi bado haijafika kila mahali inapotakiwa, na chuma husuguana na chuma.

Kazi hiyo ifanyiwe nje. Wengi huingiza pikipiki ndani ya nyumba usiku kwa kuhofia wezi, na hilo linaeleweka, lakini injini haifai kuwashwa humo hata kwa dakika moja. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Likiwepo tatizo hata injini ikiwa na moto wa kutosha, basi baridi si sababu. Kagua kebo kwanza. Mkono wa klachi unatakiwa kuwa na nafasi ndogo ya kulegea kabla haujaanza kuvuta, kwa pikipiki nyingi milimita 10 hadi 20 ukipima kwenye ncha yake. Nafasi ikizidi, klachi haiachii yote. Isipokuwepo kabisa, klachi haishiki yote, na pleti huungua. Kebo iliyoanza kukatika nyuzi ibadilishwe kabla haijamwacha mtu njiani. Kebo ikiwa sawa na klachi bado inaburuta, huenda pleti za chuma zimepinda kwa joto, na hapo fundi hana budi kufungua.

Angalia pia oili yenyewe. Safari fupifupi za asubuhi huku choki ikiwa imevutwa huingiza petroli ndani ya oili, na unyevu nao hujikusanya. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ina maji na haifai tena.

Namba na herufi za kwenye mkebe

Maandishi kama 20W-50 au 10W-40 huwachanganya wengi. Si nyuzi za joto, kama inavyosemwa katika baadhi ya gereji. Namba iliyo kabla ya W huonyesha tabia ya oili ikiwa baridi: kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyotiririka kwa wepesi asubuhi. Namba ya pili huonyesha uzito wake injini ikiwa moto, ukipimwa kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo 10W-40 huachia pleti mapema kuliko 20W-50, na bado hulinda injini vizuri mchana.

Oili ya 20W-50 imezoeleka sana kwa bodaboda nchini na si mbaya. Kwenye maeneo ya joto hufanya kazi yake vyema. Swali kwa mkazi wa sehemu za juu ni kama kitabu cha pikipiki yake kinaruhusu nyepesi zaidi. Vitabu vingi huwa na jedwali linaloonyesha oili ya kutumia kulingana na hali ya hewa. Jedwali hilo lina uzito kuliko ushauri wa stejini. Likiruhusu 10W-40 au 15W-40, hiyo ndiyo ya kuchagua Nyandarua. Kwa injini iliyochakaa na ambayo tayari inakula oili, kuhamia nyepesi kunaweza kuongeza moshi. Mwenye injini hiyo afadhali abaki na nzito na avumilie dakika mbili za kuipasha moto.

Lakini uzito ni nusu tu ya habari, na kwa klachi ni nusu ndogo. Nusu kubwa ni herufi za JASO, kiwango kilichowekwa na Wajapani mwaka 1998 kwa ajili ya oili za pikipiki. Oili yenye alama ya JASO MA, MA1 au MA2 imepimwa na kuonekana kwamba haitafanya klachi iteleze. Yenye JASO MB ina utelezi zaidi, nayo ni ya skuta ambazo klachi yake haiogi kwenye oili ya injini. Haifai bodaboda.

Oili nyingi nyepesi za magari, hasa za 5W-30 na 0W-20, hutiwa kemikali za kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Kwenye mkebe, ndani ya alama ya duara ya API, huandikwa "Resource Conserving", na kwenye mikebe ya zamani "Energy Conserving". Kwa gari ni sifa nzuri. Kwa klachi ya pikipiki ni sumu, kwani klachi huishi kwa msuguano. Dalili huonekana kwenye mwinuko: injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki, kisha inasikika harufu ya kuungua. Aliyebeba gunia la viazi au abiria hupoteza nguvu mahali anapoihitaji zaidi, pengine lori likimfuata nyuma.

Aliyekwisha kutia oili hiyo aimwage mara moja injini ikiwa na joto, asafishe au abadilishe kichujio, na atie yenye JASO MA au MA2. Huenda ikabidi kumwaga tena baada ya siku chache ili mabaki yaishe. Pleti ambazo hazijaungua mara nyingi hurudi kushika. Zilizoungua zibadilishwe, na mpya zilowekwe kwenye oili safi kabla ya kufungwa.

Oili za injini za dizeli zinahitaji neno la pekee, maana baadhi ya wahudumu huzitumia. Baadhi ya zile za 15W-40 zina alama ya JASO MA kwenye mkebe, na nyingine hazina. Soma mkebe, usiamini kwamba kinachofaa lori kitafaa pikipiki.

Oili ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na jina haina namba wala herufi za kusoma, na bei yake nafuu haimsaidii atakayenunua pleti mpya. Kwenye mkebe uliofungwa tafuta alama ya ubora ya KEBS. Nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo huthibitishwa kwa ujumbe mfupi: andika SM# ikifuatwa na nambari hiyo, utume kwa 20023.

Muda wa kubadilisha hufuata kitabu cha pikipiki, ila uhesabiwe kwa kilomita, si kwa mazoea. Anayesafiri kilomita 100 kwa siku humaliza kilomita 2,000 kwa siku 20 za kazi. Kiasi cha oili nacho kipimwe kila wiki, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali pa tambarare.

Oili chafu isimwagwe mtaroni wala shambani, na kupaka nguzo za ua si njia ya kuitupa, maana mvua huiosha hadi udongoni. Maji ya Mto Malewa na Ziwa Ol Bolossat hutoka kwenye miteremko hii hii. Iwekwe kwenye mkebe wenye kifuniko na kupelekwa kwenye gereji yenye pipa la oili chafu, ambako huchukuliwa na wakusanyaji wenye leseni ya NEMA.