Mabaki ya Ndege ni Shahidi: Yalindwe

Wahenga walisema ajali haina kinga. Kwa upande wa ndege, usemi huo ni kweli nusu tu, kwani ajali ya leo ikichunguzwa vyema huwa kinga ya kesho. Katika kazi hiyo askari ana sehemu kubwa, maana mara nyingi yeye hufika kabla ya mchunguzi.

Tuchukue mfano wa Rusizi, nchini Rwanda. Uwanja wa ndege wa Kamembe uko takriban mita 1,590 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo ndege hugusa ardhi kwa mwendo mkubwa kuliko unaoonyeshwa na saa yake. Mwanafunzi anayejifunza kutua peke yake hukuta pia kwamba ndege, kwa kukosa uzito wa mwalimu, huelea kuliko alivyozoea. Ikigusa ardhi na kudunda, hofu humtuma aisukume chini kwa nguvu. Gurudumu la mbele hutangulia, huvunjika, na rafadha huchimba lami. Ilimpasa kuongeza nguvu za injini, apae na kuzunguka upya.

Nani atayathibitisha hayo? Alama za magurudumu hueleza ndege ilidunda mara ngapi. Mapanga ya rafadha yaliyopinda husaidia kujulisha kama injini ilikuwa ikifanya kazi. Watu wakikanyaga alama hizo au kubeba vipande, ushahidi umepotea.

Kwa hiyo, askari amwokoe rubani kwanza. Azuie sigara na moto wowote, kwani petroli huweza kuvuja. Kisha auzingire uwanja wa ajali, wala kisiondolewe kitu bila idhini ya wachunguzi, isipokuwa kwa ajili ya kuokoa maisha.

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, katika Kiambatisho chake cha 13, unaeleza kuwa shabaha pekee ya uchunguzi huo ni kuzuia ajali nyingine, si kumtwika mtu lawama. Wajibu wa kuuanzisha ni wa nchi ilimotokea ajali. Ndege iliyoruka kutoka Kamembe ikiangukia ng'ambo ya mpaka wa Ruhwa, wajibu huo ni wa Burundi.

Wala ajali haingoji uwanjani. Tarehe 5 Machi 2024, jijini Nairobi, ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana angani na ndege ya abiria. Mwalimu na mwanafunzi walifariki, na ndege yao ikaangukia katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi.

Askari alindaye mabaki hayo humlinda mwanafunzi atakayeruka kesho.