Pumzi, Matembezi au Nauli ya Mwanza: Wasiwasi Ukikubana, Pesa Iende Wapi?

Mkazi wa Musoma anayelala macho, moyo ukimwenda mbio, hakosi washauri. Huyu atamwambia anunue dawa ya usingizi, yule aende Mwanza kwa daktari bingwa, mwingine apakue programu ya kupumua au ajiunge na jogging. Gharama za ushauri huo zinapishana mno, na ulio ghali si lazima uwe ndio wa kuanzia.

Kupumua ni bure. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha jaribio la mwezi mmoja: dakika tano kila siku, wengine wakifanya mazoezi ya pumzi, wengine wakitafakari. Wasiwasi ulipungua kwa wote, ila walioshusha pumzi ndefu ndio waliochangamka zaidi. Namna yake ni hii: vuta hewa puani, kabla hujaitoa vuta kidogo tena juu yake, halafu itoe polepole kwa mdomo hadi iishe. Pumzi ndefu inapotoka, mapigo ya moyo hupungua kasi. Ukisikia kizunguzungu au ganzi vidoleni, umezidisha. Acha, pumua kama kawaida.

Kwa hiyo sioni sababu ya kulipia programu kila mwezi. Faili la sauti la dakika tano lina MB 5 hivi: lipakue mara moja, litakutumikia mwaka mzima. Kutazama video mtandaoni kila asubuhi ndiko kunakomaliza bando.

Kwa mazoezi ya mwili, Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Musoma kuna njia za kando ya ziwa na kilima cha Mukendo. Unachohitaji ni viatu tu, na vya mtumba vinatosha. Kikundi cha jogging kina jezi na michango, basi uliza kiasi kabla ya kujiandikisha. Unacholipia hasa ni wenzako, na kwa mtu aliyejifungia ndani hilo lina thamani kubwa. Kuogelea ziwani kunaonekana bure, lakini maji ya Ziwa Victoria yana kichocho, na matibabu yake yana gharama. Na mama wa Butiama aliyekwishalima na kuchota maji tangu alfajiri asiongezewe kilomita. Yeye anahitaji zile dakika tano za kukaa na kupumua, na mtu wa kumshikia mtoto.

Sasa hospitali. Kwa nauli za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, za mwishoni mwa 2023, basi la daraja la kawaida lilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita. Musoma hadi Mwanza ni kama kilomita 220, yaani kwa kiwango hicho zaidi ya shilingi 21,000 kwenda na kurudi, kabla ya chakula na kumwona daktari. Muuza dagaa wa Mwigobero, Musoma, aongeze na mauzo ya siku nzima atakayoyakosa. Ningeanzia karibu: kituo cha afya, hospitali ya Bunda, au ya rufaa ya mkoa pale Kwangwa; hospitali ya Bugando, Mwanza, isubiri barua ya rufaa. Kipimo cha kwanza cha huko karibu ndicho ningekitolea pesa bila kusita, kwa sababu upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo navyo huupeleka moyo mbio, na hakuna pumzi itakayovitibu.

Dawa ya usingizi bila cheti cha daktari ndiyo rahisi zaidi dukani, nami naiogopa kuliko zote. Diazepamu, mojawapo ya dawa hizo, hujenga utegemezi, na kuikatisha ghafla baada ya kuizoea ni hatari.

Mwenye maumivu ya kifua, anayezimia, au anayewaza kujiua asianze na mazoezi wala asipige hesabu ya nauli. Apelekwe hospitali iliyo karibu leo hii, na asiachwe peke yake njiani.