Tijara ya Unga wa Misuli na Bei ya Kilichoondolewa

Aghalabu bidhaa hupanda thamani kwa kuongezwa kitu: mlango hutiwa nakshi, kofia hudariziwa, kahawa hutiwa iliki. Unga wa protini hauifuati kanuni hiyo, kwani mtu aliyeazimia kujenga misuli huku akijinyima wanga hulipia zaidi kile kilichoondolewa katika kopo kuliko kile kilichotiwa. Na madhali muuzaji hutafuta faida yake katika kutia, yaani sukari, ladha, rangi na majina marefu, maslahi ya wawili hao hayaelekei upande mmoja.

Asili ya tijara hii ni taka. Maziwa kilo 10 yakigandishwa hutoa jibini takriban kilo 1, na zilizosalia ni maji ya rangi ya manjano yaitwayo wei, ambayo kwa miaka mingi wenye viwanda vya Ulaya na Marekani waliyamwaga mitoni au wakawanywesha nguruwe. Mambo mawili yaliyageuza kuwa mali: sheria za kulinda mito, zilizofanya kuyamwaga kuwe na gharama, na kuenea, tangu miaka ya 1970, kwa machujio ya utando wenye matundu madogo mno, ambayo huizuia protini na kuiacha sukari ya maziwa, yaani laktosi, ipite pamoja na maji. Hapo kabla, katika miaka ya 1950, Bob Hoffman wa York, Pennsylvania, aliwauzia wanyanyua vyuma unga wa soya. Lakini wei ilipopata machujio yake iliishinda soya miongoni mwa wanamichezo, kwa kuwa humeng'enywa upesi na ina wingi wa leusini, asidi ya amino inayoamsha ujenzi wa misuli. Mwaka 2008 Glanbia ya Ayalandi, kampuni yenye asili katika ushirika wa wafugaji, iliinunua Optimum Nutrition ya Marekani, na kwa kitendo hicho mkono uliozoea kushika maziwa ukafika hadi kwenye rafu ya duka.

Katika rafu hiyo kuna daraja mbili kuu za wei. Ya kwanza, konsentreti, ikiwa haikutiwa ladha huwa na protini kama asilimia 80. Ya pili, aizoleti, huchujwa zaidi hata ikafika asilimia 90 au kupita. Kijiko cha gramu 30 cha ile ya kwanza hutoa protini gramu 24 pamoja na laktosi gramu 2 au 3, na cha ile ya pili hutoa protini gramu 27 na laktosi isiyofika gramu 1. Basi mtu aliyejiwekea mpaka wa gramu 50 za wanga kwa siku hana dharura ya kulipia daraja ya juu, maana anachookoa ni gramu mbili tu; bali yule aliyejibana kwenye gramu 20, au ambaye tumbo lake halivumilii laktosi, kwake bei ile ina insafu.

Mtego mkubwa ni kopo lililo kubwa kuliko yote, lile la kunenepesha. Limejaa maltodekstrini, wanga unaotengenezwa aghalabu kwa mahindi, ambao ni rahisi sana kuliko protini, na ndiyo maana kilo yake huonekana kuwa ya bei nafuu. Zipo aina mashuhuri ambazo kipimo kimoja hubeba protini gramu 50 na wanga gramu 250, kiasi ambacho mwenye mpaka wa gramu 50 angekila kwa siku tano. Bei ya kilo, kwa hiyo, ni mizani ya uongo. Mizani ya haki ni kuigawa bei ya kopo kwa jumla ya gramu za protini zilizomo.

Bidhaa ya pili inayostahili fedha ni kriatini. Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliigundua katika nyama mwaka 1832, lakini haikuwa tijara hata mwaka 1992, Roger Harris na wenzake walipoonyesha kwamba anayeila huongeza akiba yake misulini. Leo hutengenezwa viwandani pasipo nyama yoyote, kwa sehemu kubwa nchini China, na pia Trostberg huko Ujerumani. Kwa kuwa sukari huamsha insulini, nayo insulini husaidia misuli kuipokea kriatini, wafanyabiashara wa miaka ya 1990 waliichanganya na sukari nyingi wakaiuza kwa bei ya juu. Walakini gramu 3 kwa siku huijaza misuli katika muda wa mwezi mmoja hivi bila msaada huo. Kriatini tupu haina wanga hata chembe, na gramu 300 zake, kwa kipimo cha gramu 5, hutosha siku 60.

Tatu ni chumvi. Mwili unaponyimwa wanga insulini hushuka, na figo huachia maji na sodiamu, jambo linaloleta uchovu na maumivu ya kichwa katika siku za mwanzo. Vipakiti vya chumvichumvi vyenye ladha huuzwa ghali kwa ajili hiyo, ilhali mchuzi uliokolea chumvi hufanya kazi ile ile. Isipokuwa mwenye shinikizo la damu au maradhi ya figo hana budi kumwuliza tabibu kwanza.

Linabaki suala la uaminifu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 haimlazimishi mtengenezaji kuthibitisha mbele ya serikali usalama na manufaa ya bidhaa yake kabla ya kuiuza. Isitoshe, kipimo cha protini alichobuni Johan Kjeldahl mwaka 1883 huhesabu naitrojeni, wala hakitambui imetoka wapi. Hivyo mtu asiye na dhamiri huweza kutia glisini au taurini, asidi za amino zilizo rahisi, na kopo likasomeka limejaa. Kinga ya mnunuzi ni kuzitazama asidi hizo katika orodha ya viambato, na kutafuta alama ya mpimaji asiye na hisa katika mauzo, kama vile NSF au Informed Sport.

Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba faida ya protini kwa wanaonyanyua vyuma hukoma karibu na gramu 1.6 kwa siku kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 112 kwa mtu wa kilo 70. Yai moja lina gramu 6, na dagaa, kuku na samaki wa soko letu hawana wanga wala hawakulipiwa nauli ya meli. Kwa mnunuzi wa Mombasa au Dar es Salaam, ambaye juu ya bei ya kiwandani hubeba usafiri na ushuru, hesabu njema ni kutimiza sehemu kubwa ya kiasi hicho kwa chakula, kuliachia kopo kufidia upungufu tu, kununua kriatini tupu, na kuyaacha mengine yote dukani.