Jani la Mlonge Linaanzia Wapi?

Mwulize anayechuma mlonge wa mboga ameshika majani mangapi. Atacheka, maana kiganja kimejaa mamia. Mtaalamu wa mimea akiutazama mkono huohuo huenda akahesabu mawili, matatu.

Kinachowatofautisha ni chipukizi. Jani hukaa chini ya chipukizi lililojificha kwapani, pale kikonyo kinaposhikana na tawi. Kagua vile vipande vya duara vya mlonge: hakuna chenye chipukizi. Hivyo ni vijani tu. Fuata uti unaovibeba, upite na panda zake, mpaka ugote kwenye gome. Chipukizi liko hapo, na vyote ulivyovipita ni jani moja, ambalo huweza kufika sentimita 60.

Kisamvu nacho kina hila yake. Jani la muhogo lina vidole, lakini vimeungana chini kuwa ubapa mmoja, kwa hiyo ni jani sahili. Vidole vya mbuyu, mara nyingi vitano hadi saba, vimeachana kabisa na kukutana kwenye ncha ya kikonyo tu. Hilo ni jani ambatani. Na mche wa mbuyu huanza na majani sahili, ndiyo maana watu huupita bila kuutambua.

Mgomba ndio unaonishangaza zaidi. Kile kinachoitwa shina ni ala za majani zilizokumbatiana, moja ndani ya nyingine. Shina lenyewe hukaa ardhini, likapenya katikati ya ala hizo wakati wa kutoa mkungu.

Kuhusu mpangilio, mkarafuu na mrehani hutoa majani mawili mawili yakitazamana. Mwembe na mpapai hutoa moja moja, yakizunguka shina. Mwaka 1868 Mjerumani Wilhelm Hofmeister alieleza kwamba jani jipya huchomoza penye nafasi kubwa zaidi iliyoachwa na yaliyotangulia. Leo tunajua kuwa homoni ya oksini inahusika: jani changa huivuta kutoka pembeni, na jirani yake ikabaki haba mno kuanzisha jani jingine. Katika mimea mingi inayozungusha majani, pembe kati ya jani na lifuatalo hukaribia nyuzi 137.5.

Husemwa kwamba majani hukwepana ili yagawane jua. Sawa, lakini mpangilio huo huanza ndani ya chipukizi lililofungwa, ambamo hakuna jua la kugombea. Jua huja baadaye, na hapo kazi ni ya kikonyo: hurefuka na kujipinda mpaka ubapa utoke kivulini.