Je, Wajua? Wakata Miwa Waliozima Vigogo

Ubingwa wa Ligi Kuu Tanzania Bara mwaka 1999 ulikwenda kwa timu iliyozaliwa mwaka 1988 tu. Mtibwa Sugar walikuwa na umri wa miaka 11. Vigogo Yanga na Simba walianzishwa mwaka 1935 na 1936.

Timu ni ya kiwanda cha sukari cha Mtibwa, Turiani, kaskazini mwa mji wa Morogoro. Ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda chenyewe, ikapanda ngazi za chini moja baada ya nyingine. Uwanja wao wa Manungu umezungukwa na mashamba ya miwa, na ndiyo maana mashabiki huwaita Wakata Miwa. Kwa upande mwingine huonekana milima ya Nguru, ndugu wa milima ya Uluguru. Mechi kubwa, hasa Simba au Yanga walipokuja, zimewahi kuhamishiwa Uwanja wa Jamhuri, mjini Morogoro, chini ya Uluguru wenyewe.

Waliosema wamebahatisha walinyamazishwa mwaka 2000: Mtibwa walitetea taji lao. Si jambo dogo kwa klabu ya shambani!

Mwaka 2018 waliongeza Kombe la Shirikisho la Tanzania kwa kuifunga Singida United 3-2 jijini Arusha. Wakashuka daraja mwaka 2024, wakarejea Ligi Kuu mwaka uliofuata.

Na hadi msimu wa 2024/25, hakuna klabu nyingine ya nje ya Dar es Salaam iliyotwaa ubingwa wa ligi tangu Mtibwa mwaka 2000.