Vipuri vya Karabai za Zamani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Karabai ya kale haipaswi kutupwa kwa kukosa kipuri kimoja. Mwananchi mwenye taa ya namna hii azingatie yafuatayo.

Kwanza, asome maandishi yaliyogongwa kwenye tangi. Anchor na Butterfly ziliigwa kutoka Petromax ya Ujerumani yenye nguvu ya mishumaa 500. Hivyo kioo na soksi vya moja aghalabu huifaa nyingine. Tilley ya Uingereza na Coleman ya Marekani zina vipuri vyake zenyewe. Aende dukani na kipuri chakavu ili alinganishe hesi, kwani hutofautiana kidogo.

Pili, pampu isiposukuma upepo, mara nyingi washa yake ya ngozi imekauka. Ipakwe mafuta, ikiwa imechanika, ikatwe nyingine kwa ngozi laini.

Tatu, soksi nyingi za zamani zina thoriamu, madini yenye mionzi. Vumbi lake lisivutwe puani, wala watoto wasichezee mabaki yake.

Mwisho, petroli isitiwe kamwe katika karabai ya mafuta ya taa, kwani yaweza kulipuka. Tangi lililopasuka lisizibwe wala kutumika tena. Taa hiyo ibaki kuwa ghala la vipuri.